Wifi Kanuna Hakuonekana Kwenye Grafu

Nimesikia mnachofundisha siku hizi pale ukumbini, na nimekasirika.

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Kongowe, yule anayeuza keki, alirudi kutoka kwenye mafunzo yenu akaniomba simu. Nikadhani anataka kumpigia mtu. Kumbe alitaka kufungua tovuti yake kwenye simu yangu, aifunge, aifungue tena, kisha aende nyumba ya pili akaombe simu ya mwenye nyumba. Nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Akaniambia, "Bibi, mwalimu kasema grafu ikipanda ujue biashara inakua." Nikamnyang'anya simu yangu.

Ninyi walimu vijana mliochukua nafasi zetu, barua hii ni yenu. Sina adabu ya kuwabembeleza. Nimestaafu, sina mkataba wa kuogopa, na chai yangu nimeshakunywa.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Siwema. Nilianza kazi kama mpiga chapa, enzi ambazo ukikosea herufi moja unaanza karatasi upya. Kompyuta zilipoingia nikajifunza, nikafundisha wenzangu. Tovuti zilipofika kwa wauza mkaa na wauza mapazia, nikawa mwalimu wa takwimu za tovuti hapa Kibaha, darasa la wanaoanza. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima wenye maduka, na wengi walikuja na simu tu. Walitoka Mlandizi, Picha ya Ndege, wengine hadi Kisarawe. Tulikuwa chini ya mradi mmoja wenye ofisi mjini, ambao ulimpa kila mfanyabiashara tovuti ya bure kwa kipindi cha majaribio.

Somo langu la kwanza lilikuwa hili, na sijalibadilisha. Tovuti ni duka lako. Mfumo wa takwimu ni mtu uliyemweka mlangoni akuhesabie wanaoingia. Mtu huyo hachoki wala halali, lakini haoni sura. Anajua mlango umefunguliwa, hajui aliyeufungua ni mteja, ni shemeji yako, au ni upepo.

Upepo wenyewe uliwahi kumpata Mzee Saidi wa Mlandizi, fundi wa milango na madirisha. Alikuja darasani amenyoosha shati, akaniita pembeni. "Mwalimu, kuna watu Ulaya wanaangalia milango yangu." Nikatazama. Kweli, wageni wake wengi walitoka nchi za mbali, na kila mmoja alikaa kwenye ukurasa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nikamwambia taratibu kwamba hizo ni programu za kompyuta, zinazunguka kwenye mtandao zikipekuapekua kurasa za kila mtu, wala si watu. Akanuna. Alikuwa ameshachonga mlango wa mninga wenye nakshi, ameuweka kando, anakataa kuwauzia wenyeji kwa sababu ni wa mteja wa Ulaya. "Basi hiyo programu haina nyumba?" akaniuliza. Darasa zima lilicheka, na yeye mwenyewe mwishowe akacheka. Nikamwonyesha namna ya kuzichuja, abaki na wageni wa mkoa wetu na wa Dar es Salaam. Mlango ule aliununua mtu wa Kibaha, na sasa nikipita kwenda sokoni nauona.

Kuchuja ni kazi ya kwanza ya mwalimu wa takwimu. Ondoa programu. Ondoa simu yako mwenyewe. Ondoa ndugu. Hapo kwenye ndugu ndipo yalipoanzia makubwa, kwa mwanafunzi wangu Bi Tatu.

Bi Tatu ana kitalu cha miche Kisarawe, amekikuta kwa wazazi wake. Michungwa ya kubebesha, ile inayounganishwa kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, minazi mifupi, milimao, mipera. Watu wanaojenga kwenye viwanja vipya wanataka mti wa haraka uani, na mkono wa Bi Tatu kwenye kubebesha mche hauna mpinzani. Tovuti yake ilikuwa nzuri: picha ya kila mche, maelezo mafupi, namba ya simu. Na grafu yake ilipanda kila asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri. Mratibu wetu, kijana mmoja mpole aitwaye Faraji, aliichapisha akaibandika ukutani tuone mfano wa mafanikio.

Mimi nilitilia shaka hiyo asubuhi. Nani ananunua mche wa mnazi alfajiri? Nikapanda bodaboda hadi kitaluni.

Bi Tatu alinipokea kwa salamu zote, za nyumbani, za kazi, za watu wa Kibaha, akanipa kiti na dafu. Nikamuuliza kuhusu asubuhi. Wala hakuficha, kwa sababu hakuona la kuficha. "Si wananifungulia?" akasema.

Mnajua mambo yetu. Mteja wa kwanza wa siku ndiye anayekufungulia biashara, na hufanyi mchezo naye. Unampunguzia bei, unampa nyongeza, asiondoke mikono mitupu. Bi Tatu ana mpwa mwenye mkono mwepesi, ambaye tangu zamani akinunua kitu cha kwanza siku nzima inakwenda vizuri. Tovuti ilipoanza, Bi Tatu akaona nayo ni duka, nayo inahitaji kufunguliwa. Mpwa akawa anaifungua kila asubuhi kwa simu yake. Wifi zake wakasikia, wakaona wao ni nani wasimfungulie ndugu yao. Wakaingia binamu, wakaingia wajukuu wa binamu, hadi ukoo mzima wa Kisarawe ukawa unafungua ukurasa wa Bi Tatu baada ya swala ya alfajiri, kwa mapenzi, kwa bando lao wenyewe.

Sikucheka. Upendo ule hauchekwi. Lakini nilimwambia ukweli. "Dada, hawa wanakupenda, ila wanakuzibia macho. Humwoni mteja, unawaona wao tu."

"Kwa hiyo niwaambie wasinifungulie?"

"Wakufungulie kitaluni. Kwenye tovuti, hapana."

Ilimuuma. Kumkataza ndugu asikutakie heri si jambo dogo. Alizunguka nyumba kwa nyumba akawaomba waache, na wifi yake mmoja alinuna hadi akasusa kuja kwenye arusi ya ukoo. Grafu ikaanguka ikalala chini.

Miezi ikapita. Kipindi cha majaribio kikawa kinaelekea mwisho, na kutoka mjini ikaja amri: kurasa zenye wageni wachache zifungwe, zenye wengi ziendelee kuhudumiwa. Bi Tatu alikuwa kwenye zinazofungwa. Muuza mapazia mmoja, ambaye wafanyakazi wake walikuwa wakibofya kutwa kwa zamu, alikuwa kwenye zinazoendelea. Mnaona? Yule aliyenisikiliza ndiye aliyekatwa. Nilishikwa na hasira ambayo hadi leo nikiikumbuka natamani kuvunja kikombe.

Faraji alinifuata kwenye jiko la ofisi yetu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

"Mama, mimi nina bosi. Bosi anatazama mstari wa grafu. Mwambie Bi Tatu awarudishe wale ndugu zake, wiki mbili tatu tu. Mstari ukipanda, anapona."

"Na darasani kesho nifundishe nini?"

"Fundisha kama kawaida."

"Kama kawaida nafundisha wasijidanganye. Siwezi kufundisha hivyo ukumbini, halafu nikatoka nje nikamnong'oneza mtu ajidanganye."

Hakuwa mtu mbaya Faraji. Alitaka kumsaidia Bi Tatu kwa njia aliyoijua. Nikaenda Kisarawe mwenyewe, na huko nikakuta Bi Tatu naye amefikia wazo lile lile. "Nirudishie watu wangu, Siwema. Uliniondolea wewe."

Tuligombana. Mbele ya michungwa, watu wazima wawili, sauti juu. Aliniambia nina kichwa kigumu, nami nikamwambia ana kichwa kigumu kunizidi. Simu yake ikaita katikati ya ugomvi. Alikuwa mteja, anataka milimao. Alipokata nikamuuliza, "Huyu kakupata wapi?" Akasema hajui, watu wanapiga tu. Wengine wanakuja hapa wamefungua simu, wanamwonyesha picha ya mche, wanasema nataka huu. Picha zake mwenyewe, zile za kwenye tovuti.

Nikakaa chini. Nilikuwa na picha kichwani ya mambo yanavyokwenda, ila sikuwa na ushahidi. Fikirini ninyi walimu: mtu mmoja anaingia kwenye ukurasa wa Bi Tatu. Anapiga skrinshoti, kwa sababu bando linaisha lakini picha haiishi. Anaituma kwenye grupu la mtaa. Kutoka hapo inaruka grupu la kanisani, la msikitini, la wazazi wa shule. Mtu wa mlangoni kahesabu mgeni mmoja, tena kaandika kwamba mgeni huyo aliingia akatoka papo hapo. Nanyi mkiona mgeni katoka papo hapo mnaanza kuomboleza. Kwani alitakiwa alale humo? Kachukua picha, kachukua namba, kaenda zake. Kwa muuza miche huo ni ushindi.

Lakini ushahidi? Nikamwambia Bi Tatu tuupe mche mmoja jina. Jina ambalo halipo popote ila kwenye picha ya tovuti. Si kwenye kibao cha barabarani, si mdomoni kwake. Mteja akilitaja, tunajua njia aliyopita.

Bi Tatu hakufikiri hata kidogo. Mchungwa wake wa kubebesha una tabia moja: ukiupanda tu, majani yanalegea, mti unainama kama umetukanwa. Wateja wanaogopa, wanang'oa, wanarudisha. Wakiuacha na kuumwagilia kwa kiasi, baada ya siku chache unanyanyuka, na hapo hauna shida tena maisha. "Muite Wifi Kanuna," akasema, "maana yule wangu ananuna vivyo hivyo, na ukimwacha anarudi mwenyewe." Tukaliandika kwenye picha yenyewe, juu ya majani, na chini yake namba ya simu: Wifi Kanuna, usimng'oe, atanyanyuka.

Kanuni ilikuwa moja, Bi Tatu asilitaje kabla mteja hajalitaja. Ilikuwa adhabu kubwa kwake. Jina tamu kama lile, na mdomo wake ule! Mteja akiuliza habari za michungwa, Bi Tatu anajiziba kwa upindo wa khanga, anaonyesha kwa kidole.

Siku niliyokuwapo, simu iliita akaiweka sauti ya nje. Mwanamume, anajenga nyumba kule Picha ya Ndege. "Samahani mama, nasikia mnaye huyo Wifi Kanuna?"

Bi Tatu alirusha khanga juu. Mimi ndiye niliyeendelea na mazungumzo. "Umemsikia wapi, baba?"

"Mke wangu katumiwa kwenye grupu la mtaa. Tunataka wanne. Ni kweli hanuni muda mrefu?"

Tovuti yetu hajawahi kuifungua, wala hakujua kama ipo. Na baada yake wakaja wengine, na wengine, wakimuulizia Wifi kwa jina, utafikiri wamekuja kuposa.

Nikampelekea Faraji habari hizo. Nikamwambia tovuti ya Bi Tatu inafanya kazi, ila kazi yake inaonekana kwenye simu zinazoita na watu wanaokuja, haionekani kwenye mstari. Alinisikiliza vizuri, hilo nampa. Kisha akashika kichwa. "Mama, nakuamini. Lakini nitaijaza wapi? Mfumo wa bosi una sehemu ya wageni tu. Hauna sehemu ya wifi."

"Basi mfumo wa bosi ni mbovu. Mwambie."

"Nimwambie mimi?"

Sikumlaumu. Alikuwa na mke na mtoto mchanga. Ila mimi watoto wangu walikuwa wakubwa.

Siku ya mwisho ya mafunzo tulijaa ukumbini, wafanyabiashara wote, na mimi nikapangiwa kusoma majina ya kurasa zinazofungwa na kueleza kosa la kila mwenye ukurasa, ili wengine wajifunze. Nikasoma. Mmoja hakuwahi kuweka namba ya simu. Mwingine aliweka picha za bidhaa alizozichukua kwa watu. Hao niliwaeleza bila kuwaonea. Nilipofika kwa Bi Tatu nikasimama. Nikasema, "Huu sitausoma. Haujafa, na mwenye nao hana kosa."

Faraji akaja mbele, akausoma yeye, sauti chini, bila kueleza kosa lolote. Najua alifanya hivyo makusudi, na namshukuru.

Ndipo Bi Tatu akasimama kutoka kiti cha nyuma, na kikapu chake. "Mwanangu Faraji, mradi wenu kama unaniacha, niacheni salama. Lakini ukurasa wenye picha zangu na Wifi yangu ni wangu. Nipeni neno la siri nikae nao mwenyewe."

Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo nataka mliandike ukutani. Maneno ya siri ya tovuti zote yalikuwa mikononi mwa ofisi ya mjini. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa jina la ofisi. Wafanyabiashara walikuwa wapangaji kwenye maduka waliyodhani ni yao, na ukurasa ukifungwa, picha, jina, kila kitu kinakwenda. Faraji akasema lazima aombe ruhusa, labda wiki ijayo.

"Nitasubiri," akasema Bi Tatu, akakaa.

Sote tulidhani anasema tu. Watu wakala pilau ya kuagana, wakapiga picha, wakaondoka. Bi Tatu yuko pale pale. Mfagizi akafagia kumzunguka. Mimi nikavuta kiti nikakaa pembeni yake, tukawa wawili. Alitoa mihogo ya kuchemsha kwenye kikapu, akanipa, akampelekea na Faraji mezani kwake. "Kula, mwanangu. Sina ugomvi na wewe." Faraji akapiga simu mjini. Akapiga tena. Mara ya tatu alitoka nje kuongea, nasi tukamwona dirishani akipunga mkono mmoja hewani kama anayemfukuza nzi. Nilimsikia akisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Basi njoo wewe umwondoe."

Adhana ya magharibi ilikuwa haijaanza aliporudi akawasha kompyuta, akahamisha umiliki kwa jina la Bi Tatu, akampigia simu yule mpwa wa mkono mwepesi, akamwelekeza namna ya kuutunza ukurasa. Bi Tatu alimtazama hadi alipomaliza, akamuombea dua pale pale, akachukua kikapu chake tukatoka.

Mkataba wangu haukuongezwa. Walisema ni umri. Inawezekana, umri ninao. Lakini kama ni ile siku, basi wajue kwamba nikirudishwa ukumbini kesho nitasimama pale pale na sitausoma tena.

Sasa nirudi kwenu. Msiwafundishe watu kuombaomba simu za majirani. Mfundisheni mtu kumuuliza mteja, kwa adabu, ndani ya salamu, kanipata wapi. Mfundisheni kuipa bidhaa jina litakalomrudishia habari. Mfundisheni kushika neno lake la siri mwenyewe. Na mkubwa wenu akitaka mstari unaopanda, mwambieni wazi unavyopanda kwa uongo. Mtaogopa, najua. Ogopeni, halafu mwambieni.

Jana nimepita kwa jirani kumrudishia yule binti wa keki sahani yake. Uani kwao kuna mchungwa mpya, majani yamelala, umeinama hadi unatia huruma. Nikamwambia mama yake mti unakufa huo. Mama yule hana simu janja, hajafika Kisarawe, na Bi Tatu hamjui kwa sura wala kwa jina. Mche kaletewa na fundi aliyewajengea choo. Akaendelea kuosha vyombo vyake.

"Hafi huyo, mwalimu," akaniambia. "Huyo ni Wifi Kanuna. Muache, atanyanyuka."